Maswali ya Wasomaji: Msitu Bado Upo, Mbona Ndege Hawapo?

Barua zilizoingia safari hii, bila wenyewe kupatana, zimeangukia jambo moja: misitu na mbuga zinazokatika vipande vipande, na yanayowapata viumbe wanaobaki ndani ya vipande hivyo. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote. Nimezaliwa milima hiyo hiyo anakotoka mwandishi wake, nimefanya kazi ya misitu huko mpaka nikastaafu, na swali lake ningependa kila kamati ya kijiji ijiulize.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji, Muheza milimani. Tuna msitu wetu wa kijiji, kama hekta sita, upande mmoja kuna chai na upande wa pili mihogo na migomba. Tangu tupitishe sheria ndogo hakuna aliyekata mti. Tunaufyeka chini mara mbili kwa mwaka ili uwe safi na nyoka wasikae. Lakini wazee wanasema ndege waliokuwa wakiimba alfajiri hawasikiki tena, na mimi mwenyewe naona chini ya miti mikubwa hakuna miche. Tumekosea wapi? — Mwenyekiti, Muheza*

Marahaba, mwenyekiti. Mmefanya jambo zito. Vijiji vingi vimeandika sheria ndogo, vilivyozisimamia ni vichache. Kwa hiyo nitakujibu waziwazi, kama mtu wa kazi mwenzangu.

Msitu wa hekta sita unaweza kuwa na miti yake yote na bado ukawa unakufa. Miti mikubwa huishi kutupita sisi, hivyo mtu akiutazama kutoka barabarani anaona kijani na anaridhika. Mabadiliko huanzia chini, kwa viumbe wadogo wenye maisha mafupi, na huko ndiko wazee wako walikokosa sauti za ndege.

Jambo hili limepimwa kwenye milima yetu wenyewe. Tangu mwaka 1987 mtafiti William Newmark amekuwa akitega nyavu nyembamba za kunasia ndege katika vipande vya msitu vya Usambara Mashariki, vingine havifiki hata ekari moja, vingine ni misitu ya mamia ya hekta. Ndege akinaswa huvishwa pete yenye namba mguuni, hupimwa, kisha huachiwa aende zake. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1991 hayakuacha shaka: kadiri kipande kinavyokuwa kidogo, na kadiri kinavyokaa mbali na msitu mkubwa, ndivyo aina za ndege wa chini ya msitu zinavyopungua.

Nasema ndege wa chini ya msitu kwa sababu ndege wote hawaumii sawasawa. Hondohondo huvuka bonde zima kutafuta tunda, wala hajali kama chini yake ni chai au ni mihogo. Lakini hawa wadogo wanaoruka kutoka kijiti hadi kijiti kwenye giza la msitu, kina shore wa msituni na wale wanaofuata siafu ili wale wadudu wanaotimuliwa, wamezoea kivuli tangu kuumbwa kwao. Uwazi wa mita mia chache tu unatosha kuwazuia. Nimemwona ndege wa namna hiyo akifika ukingoni, akakaa kwenye kijiti cha mwisho akitazama mashamba, kisha akarudi alikotoka. Bawa analo na nguvu anazo, lakini kwenye mwanga ule haendi.

Sasa fikiria jozi kumi za ndege hao ndani ya hekta zenu sita. Mwaka mmoja nyoka anakula makinda, mwaka mwingine mvua kubwa inaharibu viota wakati wa kuatamia. Katika msitu mkubwa pengo hilo huzibwa na vijana wanaotoka upande mwingine wa msitu huo huo. Kwenu hakuna anayekuja kuziba. Na viota vyenyewe huharibika zaidi katika vipande: mwaka 2011 Newmark na mwenzake Thomas Stanley walionyesha kuwa Usambara, Mashariki na Magharibi, viota vilivyo ndani ya vipande vinanusurika kidogo sana kulinganisha na vile vya msitu usiokatika. Hakuna aliyewapiga kwa manati wala kuwatega. Wameisha kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine, msitu ukiwa umesimama.

Hapo ndipo linapoingia suala lako la miche. Kuna mti mdogo wa chini ya msitu unaopatikana milima yetu, Leptonychia usambarensis. Tunda lake likiiva hupasuka na kuonyesha mbegu zenye nyama nyekundu, na shore huzila na kwenda kuzidondosha mbali na mama yake. Mtanzania mwenzetu, Norbert Cordeiro, pamoja na Henry Howe, waliufuatilia mti huo ndani ya vipande na ndani ya msitu mkubwa, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Katika vipande, mbegu zilizobebwa zilikuwa chache, nyingi zilidondoka chini ya mti mama, na miti michanga ilikuwa haba. Mama yupo, anachanua, anazaa. Aliyekuwa akimtawanyia watoto hayupo. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo hilo kwa upana zaidi: miti inayotegemea wanyama kusambaza mbegu ndiyo inayokosa vijana katika vipande vya msitu. Ile inayosambazwa na upepo haina shida kubwa hivyo.

Kwa hiyo ukisimama katikati ya msitu wako ukatazama juu ukaona miti thelathini mikubwa, jiulize ni mingapi kati ya hiyo ina wajukuu chini. Mti usio na wajukuu ni wa mwisho, hata kama utasimama miaka themanini mingine.

Tena kuna suala la kingo. Msitu mdogo una kingo nyingi na ndani kidogo. Jua na upepo hupenya kutoka pembeni, majani makavu yanakauka mno, konokono na mende wanaohitaji unyevu wanahama au wanakufa, na mimea ya nje inajipenyeza. Kwetu mgeni anayesumbua zaidi ni Maesopsis eminii, ambao wengi huuita msizi. Ulipandwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20 ukitokea magharibi, ukanda wa Uganda na Ziwa Victoria, na misitu ilipovunwa mbao ukapata mwanga ukatapakaa. Hondohondo wanaupenda sana na ndio wanaousambaza. Yaani yule ndege anayeweza kuvuka mashamba anakuleteeni mbegu za mgeni, na wale ambao wangewaleteeni mbegu za wenyeji hawawezi kuvuka.

Mfanye nini? La kwanza halina gharama: acheni kufyeka chini. Najua mnafyeka kwa nia njema na msitu unapendeza macho, lakini hicho mnachokiita uchafu ndiyo nyumba ya ndege wale wazee wanaowakumbuka, na humo humo ndimo maotea ya miti yangekua. Panga likipita mara mbili kwa mwaka, mche wa mti na gugu vinakwenda pamoja. Mkitaka kufyeka, fyekeni njia moja ya doria basi. Miche ya msizi ing'oeni kwa mkono ingali midogo. Ukingoni acheni vichaka vifunge kama ukuta, upepo usiingie.

La pili ni gumu zaidi. Tafuteni msitu ulio karibu nanyi kuliko yote, mwangalie nini kimekaa kati yenu na huo. Kama ni korongo lenye kijito, mna bahati, maana kando ya kijito haitakiwi kulimwa hata kwa sheria. Rudisheni miti hapo. Maji ya milima yetu yanashuka Mto Zigi mpaka bwawa la Mabayani wanakokunywa watu wa Tanga mjini, kwa hiyo msione haya kuwaomba wa mjini wachangie.

Na hapa niseme jambo ninalolibeba moyoni. Tumewahi kuona uunganishaji wa namna hii ukifanyika kwa ukubwa, pale Derema, msitu unaoiunganisha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani na misitu ya kaskazini yake. Watu walilima iliki humo: miti mikubwa imeachwa, chini pamefyekwa, kivuli kimepunguzwa. Juu msitu, chini shamba. Wakulima zaidi ya elfu moja waliondoka, mashina ya iliki yakahesabiwa, fidia ya mazao ikalipwa. Kwa msitu ulikuwa uamuzi sahihi, na ningeuunga mkono tena leo. Lakini baba yangu alilima iliki upande wa pili wa mlima, ada yangu ya shule ilitoka kwenye magunia hayo, na najua tofauti ya fedha inayokuja kila msimu na fedha inayokuja mara moja ikaisha. Mkikaa na mwenye shamba aliye kati ya misitu yenu miwili, msimwendee na sheria ndogo mkononi. Mwendeeni na jibu la swali atakalouliza: mwakani nitakula nini?

*Mama, nina miti mitatu ya msambu shambani, niliirithi. Mmoja unazaa sana na mbegu tunauza. Miwili inachanua tu, haijawahi kutoa tunda. Nataka kuikata nipate mbao na nafasi ya migomba. Unasemaje? — Msomaji wa kike, Amani*

Usikate, mwanangu, nakuomba. Msambu una miti dume na miti jike. Hiyo miwili inayochanua bila kuzaa ni madume, na bila chavua yake huyo jike wako hatazaa. Kama jirani zako wote wamekwisha kukata madume yao kwa hesabu kama yako, basi hiyo miwili huenda ndiyo inayolisha mlima mzima upande wako.

Mti huu, Allanblackia stuhlmannii, hauko kokote duniani isipokuwa milima ya Tanzania. Katika msitu usiokatika, dume na jike hawako mbali, na wadudu hupita kati yao bila shida. Shamba likishakula msitu, anabaki jike mmoja hapa na dume mmoja ng'ambo ya bonde. Mbegu nazo zina mtu wake: panya buku huzichukua na kuzifukia huku na huku kama akiba, na zile anazozisahau ndizo zinazoota. Kwa hiyo ukiona maotea ya msambu mahali usipopanda, yawekee vijiti pembeni ili yasikatwe. Itachukua miaka kabla hujajua kama ni dume au jike, basi acha yote.

Ukibakiwa na dume mmoja peke yake, mwombe jirani aache mmoja. Chavua itoke kwa madume tofauti, si kwa huyo huyo kila mwaka. Sababu yake nimeieleza kwenye barua inayofuata.

*Shikamoo. Nasoma shahada ya kwanza Morogoro. Mhadhiri ametuambia kugawanyika kwa makazi kunapunguza anuwai ya vinasaba. Nimekariri kwa ajili ya mtihani lakini sijaelewa moyoni. Kama wanyama 60 wamebaki 60, kilichopungua ni nini? Naomba mfano wa kwetu, mifano yote tuliyopewa ni ya Marekani. — Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Umefanya vizuri kutoridhika na kukariri. Mifano ya kwetu ipo, tena mmojawapo umesomwa dunia nzima.

Mwaka 1962 simba wa Kasoko ya Ngorongoro walishambuliwa na nzi wanaouma, Stomoxys, waliozaana kupita kiasi kwa sababu ya mvua nyingi. Simba walikuwa kati ya 60 na 75. Walibaki kama 10: majike tisa na dume mmoja. Miaka ya 1964 na 1965 madume saba waliingia kutoka nje, kisha mlango ukafunga. Simba wakazaana, idadi ikarudi ilipokuwa na hata kupita. Mgeni akisimama ukingoni na darubini anaona simba wengi na wenye afya. Mtafiti Craig Packer na wenzake walipofuatilia koo zao na kupima damu, wakakuta simba wote wa kasoko wanatokana na waanzilishi 15 tu, anuwai ya vinasaba vyao iko chini ya ile ya simba wa Serengeti, na madume wana mbegu nyingi za kiume zilizo na kasoro. Kwa hiyo kwa swali lako, 60 wamebaki 60 na bado kimepungua kitu: idadi ya njia ambazo mwili wa simba unaweza kutengenezwa.

Kwa haki lazima niongeze kuwa si mashamba wala shoka vilivyowafungia simba wale hapo mwanzo. Kuta za kasoko ni ndefu, na madume wenyeji wenye nguvu huwafukuza wageni. Lakini makazi ya watu yalipoongezeka kuzunguka kasoko, dume kijana anayetaka kutoka Ndutu kwenda kule alilazimika kupita kati ya maboma yenye ng'ombe, na wengi waliishia kwenye mkuki. Mradi wa KopeLion umeajiri wenyeji wanaoitwa Ilchokuti, wanaofuata nyayo za simba, kuwaonya wachungaji na kusaidia kutafuta mifugo iliyopotea kabla simba hajaifikia. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya vinasaba iliyo muhimu kuliko ya maabara yoyote, maana dume mmoja akipita salama analeta damu mpya ambayo hakuna sindano itakayoileta.

Mfano wa pili uko Taita, Kenya, ambako ndiko mwisho wa kaskazini wa Tao la Mashariki, safu ya milima ambayo Usambara nayo ni sehemu yake. Msitu wa asili wa Taita umebaki vipande vidogo vilivyokaa juu ya vilele. Kuna ndege mmoja, Turdus helleri, asiyepatikana popote pengine, na wanaohesabika wako Mbololo, Ngangao na Chawia. Kati ya vilele hivyo ni mashamba, nyumba na mikaratusi. Mtafiti Luc Lens na wenzake waliwanasa ndege hao wakapima mguu wa kulia na wa kushoto. Kiumbe anayekua vizuri, pande zake mbili hulingana. Walikuta miguu isiyolingana zaidi katika kipande kilichoharibika zaidi, na waliokuwa na vinasaba vya aina chache ndio walioelekea zaidi kuwa hivyo. Tofauti yenyewe huioni kwa macho, inahitaji kipimo, lakini ilikuwepo wakati ndege bado wanaimba.

Sasa utaratibu wake, kwa kifupi. Katika kundi dogo lililofungiwa mambo mawili huenda pamoja. Aina fulani ya kinasaba hupotea kwa bahati tu, kwa sababu wachache waliokuwa nayo hawakupata watoto mwaka huo, na ikipotea hairudi mpaka mgeni aje nayo. Pili, ndugu wanazaana na ndugu, na kasoro zilizokuwa zimejificha kwa baba na mama zinakutana kwa mtoto. Bibi zetu waliokuwa wakiweka mbegu za mahindi za rangi tatu nne kwenye dari juu ya moshi wangekuelewa mara moja: ukiwa na aina moja, ugonjwa mmoja unatosha kukumalizia shamba.

Mimea nayo ni hivyo hivyo. Yale maua madogo ya zambarau yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, Saintpaulia, yalitoka miamba ya Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ulaya vielelezo, na kutoka hapo yakazalishwa mamilioni. Wakati huo huo mwituni yanaishi kwenye miamba yenye unyevu chini ya kivuli, kikundi hapa, kikundi kule. Ukiondoa miti juu ya mwamba mmoja, jua linaingia na kikundi hicho kimekwisha, pamoja na tabia zake ambazo hazipo kwenye chungu chochote dirishani Berlin.

*Mama, salamu. Ninalima na nina ng'ombe wachache, karibu na Minjingu. Tumeambiwa tuko kwenye ushoroba, yaani njia ya wanyama, wa Kwakuchinja. Tembo wamekula mahindi yangu miaka miwili mfululizo. Hifadhi ya Tarangire ni kubwa, kwa nini isizungushiwe uzio wanyama wakae huko na sisi tulime? — Mkulima, Babati*

Pole sana. Mtu aliyelala njaa kwa sababu ya tembo hapaswi kuhubiriwa, kwa hiyo nitajibu swali la uzio kwanza kisha turudi shambani kwako.

Tarangire ina kilomita za mraba zipatazo 2,850, na kweli inaonekana kubwa. Lakini hifadhi hiyo ni ya kiangazi. Wanyama hukusanyika humo kwa ajili ya mto. Mvua ikinyesha huondoka, wengine kaskazini kuelekea Manyara na kwingineko, wengine mashariki hadi mbuga za Simanjiro. Nyumbu huzalia Simanjiro kwa sababu majani ya kule yana madini ya fosfori ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji, na ndani ya hifadhi hayatoshi. Ukimzungushia uzio nyumbu umemwachia maji ukamnyima chakula cha uzazi. Na hata bila uzio tumeona matokeo: mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumbu wa mfumo ule walikadiriwa kupita 40,000, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa kama 5,000. Mashamba yaliziba njia, na ujangili ukachukua sehemu yake. Newmark yule yule niliyemtaja juu alionyesha mwaka 1996 kwamba katika hifadhi za taifa za Tanzania, zile ndogo ndizo zilizopoteza zaidi aina za wanyama wakubwa. Uzio unaigeuza hifadhi kubwa kuwa ndogo.

Lakini hayo hayakurudishii mahindi. Toa taarifa ya uharibifu serikali ya kijiji mara tu unapotokea, siku hiyo hiyo ikiwezekana, ili afisa wanyamapori wa wilaya aje kutathmini kabla alama hazijafutika. Hiyo ndiyo njia ya kupata kifuta jasho. Hakitafikia thamani ya magunia yako, nakuambia ukweli, lakini taarifa zisizoandikwa ndizo zinazofanya wakubwa waseme hakuna tatizo.

Kuhusu kuzuia: huko Sagalla, Kenya, karibu na hifadhi ya Tsavo Mashariki, mtafiti Lucy King na wakulima wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki. Kila baada ya mita 10 unaning'inizwa mzinga, au ubao wa kuigiza mzinga, vyote vimeunganishwa kwa waya mmoja. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Katika ripoti yao ya mwaka 2017, kati ya tembo waliousogelea uzio huo, asilimia 80 hawakuingia. Asali unauza. Sharti ni mizinga iwe na nyuki kweli, na ukame ukizidi nyuki huhama, kwa hiyo weka maji na uache miti inayochanua. Shirikianeni watu watano sita wenye mashamba yanayopakana, kwa mtu mmoja gharama ni kubwa.

Na kwa wakubwa wa kijiji chenu, waulizeni wenzenu wa Terrat, Simanjiro. Mwaka 2005 kijiji hicho kiliingia mkataba na kampuni za utalii: kijiji kiache kulima eneo la mbuga yake, kilipwe kila mwaka, na ng'ombe waendelee kulisha humo humo. Nyumbu na ng'ombe wamekuwa pamoja kwenye majani yale vizazi na vizazi. Anayewakosesha wote wawili ni trekta. Ushoroba wa namna hiyo nautetea bila kusita. Ushoroba wa kuchorwa kwenye ramani mjini, mwenye ardhi akaja kuusoma kwenye bango, siutetei.

*Mama, nina ekari mbili, zimekaa kati ya msitu wa serikali na kamsitu ka ukoo wetu. Wanangu wanataka mikaratusi kwa ajili ya nguzo. Mimi nataka ndege na mbega wapite. Nipande nini, na nisilale njaa? — Bibi, Korogwe*

Shikamoo bibi. Wape vijana nusu ekari ya mikaratusi, upande ulio mbali na maji na usiogusa msitu wowote, amani iwepo nyumbani. Kilichobaki kifanye mkanda mmoja unaotoka msitu hadi msitu bila kukatika. Upana uwe kadiri utakavyoweza, lakini kuungana ndilo jambo la kwanza. Pengo la katikati linaharibu kazi yote.

Panda mkuyu na jamaa zake, maana matunda yao huvuta ndege, popo na mbega, na hao watakupandia miti mingine bure. Panda msambu, mvule, mzambarau mwitu. Miche iokote kwenye misitu yote miwili, usichukue yote chini ya mti mmoja. Chukua kwa mama wengi walio mbalimbali, kwa sababu nilizomweleza mwanafunzi wa Morogoro. Kama huna nguvu ya kuokota, ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu nawe inaweza kukuelekeza kwenye kitalu.

Kwa chakula na fedha, miaka ya mwanzo panda migomba katikati ya mistari. Inatoa kivuli ambacho miche ya msituni inakitaka. Miti ikishanyanyuka, pandisha pilipili manga kwenye mashina. Hiyo haikudai ufyeke wala upunguze kivuli kama iliki, na wanunuzi wanafika mpaka vijijini.

Panda mwanzo wa masika, udongo ukiwa umelowa kweli. Palilia kuzunguka kila mche kwa upana wa mkono tu, kwingine acha paote. Mbuzi wafungwe miaka mitatu ya kwanza. Na kwa kuwa ardhi ni ya ukoo, andikeni muhtasari wa kikao, mtie saini wote na wajukuu wakiwemo, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji.